Rottweiler Si Kufuli la Lango

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kakuyuni aliniandikia, akanisalimu kwa adabu, kisha akauliza: "Ami, nimepata mbwa wa aina ya Rottweiler, wa wiki 7, kwa bei ya bure. Nikimfunga mnyororo mfupi tangu sasa, atakuwa mkali mapema?" Nilikaa na swali hilo siku mbili bila kulijibu, kwa sababu miaka sita nyuma niliuliza hilohilo, hapahapa Malindi, na niliyemuuliza alinijibu vibaya.

Huyu Chuma ninaye sasa si mbwa wangu wa kwanza. Wa kwanza nilimnunua kwa mtu aliyeapa kwamba amemchanja. Kadi hakuwa nayo, nami niliona haya kuidai. Siku ya tano akaanza kutapika na kuhara damu, na siku ya saba nikamzika chini ya mkorosho. Daktari wa mifugo aliniambia kwamba ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, na kwamba aina hii ya mbwa huelemewa nao kuliko mbwa wengi. Chanjo yake huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi kama 3, kisha mwaka hadi mwaka. Mbwa asiye na kadi mhesabu kuwa hajachanjwa, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Chuma alikuja baada ya wezi kuning'olea pampu ya kisima kiwanjani kwangu, njia ya Mayungu. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husikiliza ushauri unaofanana na hasira yake. Nikaambiwa nimfunge, asizoeane na mtu, asione watu. Nikamfunga kwenye mwembe wa karibu na lango kwa mnyororo wa mita mbili, akiwa na miezi minne. Akawa mkali kweli. Alibwekea mbuzi, watoto wa madrasa, hata makuti yakipigwa na kusi. Nakiri kwamba nilifurahi. Watu walivuka barabara walipokaribia kwangu, nami nikajiona mtu.

Ijumaa moja, nikiwa msikitini, alikuja mkwezi wetu kuangua nazi kama ilivyo desturi yake, na siku hiyo pete ya ukanda wa shingoni ikakatika. Niliporudi nilikuta panga lake liko mchangani, kamba yake ya kukwelea bado imo miguuni, naye ameketi akiushika mkono wa kulia, ule anaoukumbatia nao mnazi. Damu ilikuwa imefika kiwikoni. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, tukampeleka hospitali akachomwe sindano za kichaa cha mbwa, na Chuma, ingawa kadi yake ilikuwa kamili, akatengwa na kuangaliwa kwa siku 10. Sindano nililipa, na siku ambazo mzee yule hakukwea nililipa pia. Wezi wa pampu hawakurudi, kwa hiyo mtu pekee aliyewahi kung'atwa langoni kwangu ni aliyekuja kwa halali yake.

Ndipo nilipotaka kujua nimefuga nini. Rottweil ni mji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, ambako Warumi walipiga kambi yapata mwaka 73. Baadaye mji ukawa soko la ng'ombe, na wachinjaji wa huko wakafuga mbwa hawa kwa kuswaga mifugo na kuvuta mikokoteni. Husimuliwa kwamba mchinjaji akimaliza kuuza alimfunga mbwa mfuko wa fedha shingoni, wakarudi nyumbani pamoja. Reli ilipoanza kusafirisha ng'ombe katika karne ya 19, kazi hiyo ikafa na mbwa nusura waishe. Walichookolewa nacho ni kazi ya polisi, waliyokubaliwa rasmi mwaka 1910. Sasa fikiri, mwanangu: mfuko ule ulipita sokoni, katikati ya wanunuzi. Mbwa anayerukia kila mtu asingefika nao mbali. Sifa ya mbwa huyu ni kupambanua, na kupambanua hakufundishwi kwenye mnyororo. Mtoe akiwa mdogo, aone watu, mbuzi na pikipiki. Mpe kazi, mfundishe kwa upole, atalinda bila kuambiwa.

Joto letu nalo si la kwao. Dume mzima hufika sentimita 61 hadi 68 mabegani na uzani wa kilo 50 hivi, naye ni mweusi mwenye manyoya mazito yenye tabaka mbili. Mwezi wa Februari na Machi mimi humtembeza alfajiri baada ya swala na tena baada ya magharibi, na kivuli na maji havikosekani mchana. Kupe mtafute kila siku, masikioni na katikati ya vidole. Usimnenepeshe akingali anakua, maana nyonga zake ni dhaifu kuliko kifua chake kinavyoonyesha.

Watakaokusema kwa ajili ya najisi hawatakosekana. Mtengee upande wake na chombo chake, uwe na nguo ya kumhudumia, na akilamba chombo cha watu, kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Ukiona hayo ni mazito, basi usifuge, na hakuna aibu.

Chuma sasa hana mnyororo, na mwembe ule una alama tu ya ulipokuwa. Mkwezi bado huja, lakini haingii. Huita jina langu akiwa barabarani, mimi humtanguliza Chuma nyuma ya nyumba na kufunga mlango, kisha yeye husubiri mpaka asikie komeo.