Barua kwa mwanangu: pua ya mjukuu

Mwanangu,

Umeniuliza kama mtoto atafanana na watu wa mumeo, maana mawifi zako wameshaanza kugawana pua na masikio naye bado yumo tumboni. Hilo tusubiri. Ila yai alilotokana nalo lilianza safari wewe ukiwa tumboni mwangu, kwa hiyo nami nilimbeba kidogo.

Usicheke. Mtoto wa kike huumbika na mayai yake kabla hajazaliwa. Mgawanyiko wa seli ya yai unaanza, kisha unasimama njiani miaka na miaka. Lako lilisimama ukinyonya, ukisoma, ukininunia. Likaendelea mwezi lilipopevuka, na likamaliza mbegu ya mumeo ilipoingia. Wanaume hawana subira hiyo: huanza wakibalehe, na seli moja hutoa mbegu nne. Kwetu yai moja huchukua karibu akiba yote, wenzake wanabaki vijiseli vya kufa. Naona si haki, lakini ndivyo.

Uhondo uko kabla ya kule kusimama. Una kromosomu 46, zile nyuzi za urithi ndani ya seli: 23 zangu, 23 za baba yako. Yai linatakiwa libaki na 23 tu. Basi kila moja yangu hukaa ubavuni mwa mwenzake wa baba yako, zinashikana, zinakatika, zinabadilishana vipande. Zikija kuachana, yai linapopevuka, kila jozi hugawanyika bila kujali jozi nyingine imeelekea wapi. Hata bila huko kubadilishana vipande, ni michanganyiko 8,388,608. Ndiyo maana sichoki kusema, uso wa mtoto si hati ya ndoa.

Shangazi yako hakuwahi kulikubali. Alikuja kukuona ungali mchanga, akakufunua uso, akakukagua, akasema mbele ya wageni: "Huyu hana chetu hata ukucha." Watu wakacheka. Baba yako naye akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichonichoma. Shangazi yako alikuwa anatania, bila shaka. Lakini ni utani gani unaorudiwa mpaka mtoto anaanza shule? Halafu ukakua, ukatoka na miguu yake ileile, kidole cha pili kimepita gumba, na yeye kimya. Mimi sikunyamaza. Si hati ya ndoa, nilimwambia, hata miguu si hati, ingawa siku ile niliitumia kama hati.

Alikusudia? Wewe unampenda, naye amezeeka, basi simhukumu. Ukinibana sana nitakujibu, ila si kwa barua.

Mama yako