Ukitaka Kuitetea Gemu: Maelekezo kwa Wanaoanza Uchambuzi

Anayeanza kuchambua gemu hapa Mombasa karibu kila mara huja na orodha yake tayari: San Andreas, FIFA, Mario, Mortal Kombat. Orodha haina ubaya. Tatizo ni sababu anazozitoa. "Mtaa mzima uliicheza." "Iliuzika kupita kiasi." "Grafiki zake kwa wakati ule, wacha tu." Hayo yanaeleza kwa nini gemu ilipendwa, na mapenzi ya gemu hupoa. Inayotajwa miaka 30 baadaye ni ile iliyobadilisha gemu nyingine. Basi swali la kuanzia ni moja: gemu gani ya baadaye isingekuwa jinsi ilivyo lau hii isingetoka? Itaje, taja mwaka wake, onyesha ilichochukua. Ukikwama hapo, hoja yako bado mbichi.

Jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, New York, limekuwa likichagua gemu za kuingia World Video Game Hall of Fame tangu 2015. Vigezo vyake ni vinne: gemu ijulikane na kukumbukwa na wengi, isiwe ya msimu mmoja, ivuke mipaka ya nchi, na iwe imeathiri gemu zilizofuata, burudani za aina nyingine, au jamii kwa jumla. Wageni wengi hudhani lazima vyote vinne vitimie. Sivyo. Kigezo cha nne kina uzito wake: gemu inaweza kupita kwa athari pekee hata kama vile vitatu havikutimia sawasawa. Pong iliingia kwenye kundi la kwanza la 2015, na ndiyo maana Computer Space, ambayo wachezaji wengi wa leo hawajaisikia, ikaingia 2023.

Jozi hiyo ichunguzeni vizuri, maana ina somo zima. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake waliunda Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1: vyombo viwili vya angani vinarushiana risasi. Ilikuwa tamu, lakini ilihitaji kompyuta ambayo taasisi chache tu ziliweza kuinunua. Nolan Bushnell na Ted Dabney wakaachana na kompyuta, wakaunganisha saketi za kazi hiyo moja tu, wakazitia ndani ya kabati lenye skrini na tundu la sarafu. Hiyo ndiyo Computer Space ya 1971. Kitufe cha kugeuka kushoto, cha kugeuka kulia, cha kusukuma chombo, cha kufyatua risasi. Na chombo hakisimami unapoachia kitufe, kinaendelea kuteleza. Mlevi wa baa hana subira ya kusoma maelezo yote hayo. Mwaka uliofuata Bushnell na Dabney wakaanzisha Atari, na mhandisi wao Allan Alcorn akatengeneza Pong: kirungu kimoja cha kuzungusha, na agizo moja la kukumbuka, usiukose mpira. Pong ilishika.

Sasa, athari ya Computer Space iko wapi? Si kwenye uchezaji, kwa sababu huo ulitoka Spacewar!. Iko kwenye kabati, sarafu, saketi, na watu walewale waliokwenda kuanzisha Atari. Kwa hiyo usiandike tu "iliathiri". Andika iliathiri wapi: uchezaji, teknolojia, biashara, au jamii. Gemu moja yaweza kuwa kubwa kwa moja na si kitu kwa lingine, na insha nyingi za wageni huharibika kwa kuchanganya haya manne.

Kazi yenyewe ifanyeni hivi. Icheze gemu si chini ya saa mbili, kalamu mkononi. Dakika 5 za mwanzo zina thamani kuliko saa nzima inayofuata, kwa hiyo ziandike kwa undani: umebonyeza nini kwanza, umefundishwaje bila maneno, umekufa kwa sababu gani. Kisha ondoa jina, wahusika na hadithi, ubaki na vitenzi tu. Pac-Man: kimbia, kula, geuka ukawinde waliokuwinda. Tetris: zungusha, shusha, pachika. Vitenzi hivyo ndivyo utakavyovitafuta katika gemu tatu zilizotangulia na tatu zilizofuata. Gemu sita zatosha. Ukifika 15 unaandika orodha, si uchambuzi.

Chukua Super Mario Bros. ya 1985, ambayo wengi huku kwetu waliijulia kwenye zile TV gemu zilizoiga Famicom, mashine ya Nintendo, zenye kaseti inayojisifu kuwa na gemu elfu kadhaa huku majina yakijirudia. Hatua ya kwanza kabisa: unaanzia kushoto, kulia kweupe, basi unaenda kulia. Adui wa kwanza anakujia polepole. Ukimgusa unakufa, lakini umepoteza sekunde chache tu, kwa hiyo kifo hicho ni somo la bei nafuu. Mbele kuna kisanduku cha alama ya kuuliza. Ukikigonga kwa kichwa, uyoga unatoka, unateleza kulia, unagonga bomba la kijani na kurudi moja kwa moja kwako. Mgeni anaweza kudhani ni adui na kutaka kuuruka, ila matofali yaliyo juu ya kichwa yanamzuia, mara nyingi anauangukia. Anakua mkubwa. Amejifunza kuwa kitu hiki ni kizuri bila kuambiwa neno. Ukiweza kuandika aya kama hiyo kuhusu gemu yako, halafu ukaonyesha gemu ya baadaye inayofundisha kwa mtindo huo, una hoja.

Angalia pia vitu vilivyotokea bila kupangwa, maana baadhi ya athari kubwa zilianza hivyo. Katika Space Invaders ya 1978, wavamizi 55 hushuka polepole, na kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyoongeza mwendo. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, hakuipanga kasi hiyo: kichakataji kilibaki na wachache wa kuchora, kikawa chepesi. Aliiona, akaipenda, akaiacha. Street Fighter II ya 1991 ni hivyo hivyo. Wakati wa kuikagua ile raundi ya kuvunja gari, mtayarishaji Noritaka Funamizu aligundua kuwa pigo la pili lingeweza kuchomekwa kabla la kwanza halijaisha. Likaachwa ndani kama siri. Wachezaji wakaligundua, na leo huwezi kuuza gemu ya kupigana isiyo na "combo", yaani mapigo yanayounganishwa mfululizo. Somo hapo ni kwamba nia ya mbunifu si ushahidi wa kutosha. Tazama wachezaji walifanya nini na kile walichokikuta.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kusema "ya kwanza". "Doom ndiyo gemu ya kwanza ya kupiga risasi ukiona kwa macho ya mhusika." Hapana. Maze War ilikuwepo miaka ya 1970, na id Software, walioitengeneza Doom, wenyewe walitoa Wolfenstein 3D mwaka 1992. Nguvu ya Doom, iliyotoka Desemba 1993, ni mambo mengine. Sehemu yake ya kwanza iligawiwa bure, watu wakanakiliana, na aliyenogewa akanunua zilizobaki. Iliruhusu watu wanne kuchezana kwenye mtandao wa kompyuta. Na kubwa zaidi, ramani, picha na sauti ziliwekwa kwenye faili za WAD, kando na injini (programu inayoiendesha gemu), kwa hiyo yeyote aliweza kutengeneza ramani zake bila kugusa programu yenyewe. Mwaka 1997 msimbo wake ukatolewa hadharani, ndiyo sababu watu bado wanaipachika kwenye kila kifaa chenye skrini.

Kutoka hapo njia inaonekana kwa macho. Watu walewale wa id wakatengeneza Quake mwaka 1996. Half-Life ya 1998 ikajengwa juu ya injini iliyotokana na ya Quake. Mwaka 1999 vijana wawili wakaibadili Half-Life wakapata Counter-Strike, na Valve, kampuni ya Half-Life, ikawachukua. Huu ndio ushahidi unaotakiwa: msimbo uliorithiwa, watu waliohama na ujuzi wao, au mbunifu aliyekiri kwa kauli yake alichojifunza na wapi. Kufanana peke yake hakutoshi. Gemu mbili zinaweza kufanana kwa sababu zote zilichota kwa ya tatu.

Mauzo yapitieni haraka tu. Wii Sports ilifika zaidi ya nakala milioni 82, lakini katika nchi nyingi ilikuja ndani ya boksi la mashine, kwa hiyo namba hiyo haisemi watu wangapi waliichagua. Iliingia Rochester mwaka 2023 yenye hoja nyingine: iliwaweka mbele ya televisheni watu ambao hawakuwahi kushika pedi. Umaarufu nao si athari. E.T. ya Atari ya 1982 inajulikana dunia nzima kwa kuzikwa jangwani Alamogordo. Taja gemu moja iliyojifunza kucheza kutoka kwayo. Flappy Bird ya simu iliigwa na umati, mtengenezaji wake akaiondoa Februari 2014, na waigaji wake wakayeyuka nyuma yake.

Kipimo cha kudumu ni kama cha bao. Mashimo 32 ukiyachimba mchangani, kete 64 zikawa komwe au kokoto, mchezo ni uleule. Ubao wa kuchonga ni pambo. Tetris imedumu kwa njia hiyo. Alexey Pajitnov aliiunda Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, kompyuta isiyo na grafiki, akachora vipande kwa alama za maandishi. Maumbo saba, kila moja miraba minne. Ilipofika kwenye Game Boy mwaka 1989 haikuhitaji kubadilishwa roho. Ijaribu gemu yako hivyo: ukiivua picha na muziki, inabaki?

Kuna mitego ya kiufundi ambayo hakuna anayekuonya mpaka umeshaaibika. Tarehe kwanza. Pokémon Red na Green zilitoka Japani mwaka 1996, Marekani ikazipata 1998 kama Red na Blue. Ukichanganya miaka hiyo utasema mwigaji alitangulia mwigwaji. Andika daima nchi na mashine kando ya mwaka. Pili, mwendo. Televisheni zetu za zamani zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani walitumia 60. Gemu nyingi za zama hizo zililetwa bila kurekebishwa, zikakimbia pungufu kwa takriban asilimia 17, muziki nao ukizembea. Ukisema Sonic ya kwanza ni nzito, hakikisha kwanza hukucheza nakala ya PAL. Kwenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, chagua toleo la nchi ilikozaliwa gemu. Na usihifadhi kila hatua mbili: Space Invaders inayoweza kurudishwa nyuma haina kitisho, utaiandika kuwa inachosha. Televisheni bapa nayo huchelewesha picha. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio yake kabla hujalaumu pedi.

Wenye mashine halisi, hewa ya chumvi na unyevu wa pwani hula shaba za kaseti. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu, hakusafishi. Tumia kijiti cha pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, futa kwa mwelekeo mmoja, acha ikauke dakika 10 kabla ya kuchomeka. Na ujue kaseti nyingi za miaka ya 1990 huhifadhi safari yako kwa betri ndogo ya ndani. Ikifa, gemu inacheza ila haikumbuki kitu.

Sasa turudi kwenye ile orodha ya Mombasa. FIFA imewahi kuwa miongoni mwa gemu 15 za mwisho huko Rochester mwaka 2015, lakini hadi kundi la 2025 haijaingia, ilhali John Madden Football, ya kandanda ya Kimarekani, iliingia 2018. Atakayeitetea FIFA kwa uchezaji atapata kazi: Kick Off ya 1989 na Sensible Soccer ya 1992 zilitangulia, na wapenzi wa Winning Eleven hawatamnyamazia. FIFA International Soccer ya 1993 ilileta uwanja wa kutazamwa kwa mshazari. Hoja yenye mfupa zaidi iko kwenye biashara: leseni, toleo jipya kila mwaka, na Ultimate Team iliyoingia kwenye FIFA 09, ambapo unanunua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani kuna nani. Gemu ngapi leo zinauza bahati kwa mtindo huo? Athari si lazima iwe jambo la kheri, na mchambuzi hapaswi kuificha kwa sababu haimpendezi.

San Andreas, ya mfululizo wa Grand Theft Auto (GTA), ni ngumu zaidi. Iliyoingia, mwaka 2016, ni Grand Theft Auto III ya 2001, kwa kuwa ndiyo iliyouweka mji ule wazi katika vipimo vitatu. San Andreas ya 2004 iliongeza miji mitatu, mashamba kati yake, na mwili unaonenepa ukila na kukazika ukienda jimu. Hayo yanaelezeka. Lakini ukitaka njia ya ushahidi, fuata modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji: SA-MP na Multi Theft Auto ziliwaruhusu watu wengi kuishi mji mmoja kwa pamoja, wakajigawia kazi, polisi huyu, dereva yule. Igizo hilo likahamia GTA V kupitia FiveM, na mwaka 2023 Rockstar, wenye GTA, ikawachukua waliokuwa nyuma ya FiveM. Ukileta hoja hii mezani jiandae kwa pingamizi moja, nalo ni zito: Multi Theft Auto ilianzia kwenye GTA III.