Altezza kudunda kwenye matuta: usikimbilie koilova

Mkuu, umesema Toyota Altezza RS200 yako uliishusha kwa kukata springi, sasa kila tuta linakupiga mgongoni, na unauliza ununue koilova gani (springi na shokapu zilizounganishwa pamoja, za kurekebisha kimo cha gari). Mimi ningeziacha kwanza. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi na shokapu inabakiwa na nafasi ndogo ya kushuka. Hicho kishindo unachosikia ni shokapu inagonga raba yake ya kuzuia, na hapo hata koilova za bei chee zitakutesa vilevile.

Rudisha springi za urefu wa kiwandani, weka shokapu mpya, halafu kagua bushi, yaani raba za kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu. Altezza ilitoka 1998, kwa hiyo bushi nyingi zimeshapasuka. Fundi asikaze bolti za mikono hiyo gari ikiwa imening'inia kwenye jeki. Akaze ikiwa imekanyaga chini kwa matairi yake, la sivyo bushi inakaa imejipinda na kuchanika mapema. Mimi nililipia somo hilo mara mbili.

Tairi nazo: ukitoka 215/45 R17 kwenda 205/55 R16, ukuta wa tairi unapanda kutoka milimita 97 hadi 113 hivi. Mgongo utakushukuru. Mwisho piga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.