Maswali ya Wasomaji: Ramani za Mabomu na Dakika za Vita

SWALI: Nimekuwa nikiwasomesha wanafunzi wangu kwamba mabomu ya V-1, yale ya Wajerumani ya kuruka bila rubani, yaliyoipiga London mwaka 1944 yalilenga mitaa maalumu, kwani kwenye ramani yanaonekana yamerundikana. Juzi kijana mmoja akauliza ushahidi uko wapi, nikakosa jibu. – Mwalimu wa skuli, Wete

JIBU: Mwalimu, kijana wako ana haki. Swali hilo hilo alilipima R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, akachapisha jibu mwaka 1946. Alichukua kilomita za mraba 144 za kusini mwa London, akazigawa visanduku 576 vya robo kilomita ya mraba kila kimoja, kisha akahesabu mabomu: 537. Wastani ni 537 kwa 576, yaani 0.932 kwa kisanduku.

Ikiwa mabomu yanaanguka ovyo, visanduku vitupu vinajulikana hata kabla ya kuvihesabu. Chukua 2.718 (namba maalumu ya hesabu iitwayo e), ipandishe kwa kipeo cha hasi 0.932, zidisha kwa 576: unapata karibu 227. Zidisha jibu hilo kwa 0.932, upate vyenye bomu moja: 211. Zidisha tena kwa 0.932 na ugawe kwa 2, upate vyenye mabomu mawili: 98.5. Endelea hivyo hivyo, safari hii gawa kwa 3, halafu kwa 4, upate vyenye matatu na manne: 30.6 na 7.1. Clarke alivyohesabu kwenye ramani alikuta 229, 211, 93, 35 na 7, na kisanduku kimoja tu kilichopigwa mara 7. Zinakaribiana mno. Kama mitaa ingelengwa, vitupu vingezidi sana na vilivyojaa vingezidi pia. Marundo uliyoyaona ndiyo sura ya bahati yenyewe. Kinachotia shaka ni ramani iliyopangika sawasawa kama mashimo ya bao.

Darasani, chora visanduku 100 na ukate vikaratasi 100 vyenye namba. Vitie kwenye pakacha, toa kimoja, tia alama kwenye kisanduku chake, kirudishe, tikisa. Fanya hivyo mara 93. Vitupu vitakuwa karibu 39. Asiyerudisha kikaratasi hatapata kisanduku chenye alama mbili, na hapo jaribio limekufa. Msitumie punje za mchele za kurusha kwa mkono, maana hujaa katikati. Tena msichukue mji mzima: Clarke alichagua eneo ambalo wingi wa mabomu ulikuwa wa kiasi kimoja. Ukichanganya na vitongoji vilivyopigwa kidogo, hesabu itakuonesha "shabaha" isiyokuwepo.

SWALI: Marubani wa Vita vya Pili vya Dunia waliandika wenyewe kwamba wamepiga shabaha. Kwa nini wanahistoria wawakatalie? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Kwa sababu kamera ziliwakatalia kwanza. Mwaka 1941 D. M. Butt, mtumishi wa serikali ya Uingereza, alichunguza picha zaidi ya 600 zilizopigwa usiku na ndege za Uingereza, mwezi wa Juni na Julai. Katika ndege zilizoandikwa kuwa zimeshambulia shabaha, moja tu katika tatu ilifika ndani ya kilomita 8 kutoka hapo. Mbalamwezi ilipojaa zilifika mbili katika tano. Usiku wa giza, moja katika kumi na tano. Wavuvi wetu, wanaojua kutafuta njia gizani, hawatashangaa. Rubani hakusema uongo, aliandika alichoamini.

SWALI: Vita vya tarehe 27 Agosti 1896 hapa Unguja vilichukua dakika 38, 40 au 45? – Msomaji, Malindi

JIBU: Inategemea unaanza kuhesabu wapi. Muda wa amri ya Waingereza, iliyomtaka Sultani Khalid aondoke kasrini, ulikwisha saa tatu kamili asubuhi, mizinga ikaanza saa tatu na dakika mbili, na bendera ya kasri ikaangushwa mnamo saa tatu na dakika arubaini. Toka mzinga wa kwanza ni 38, toka amri ni 40. Wanaosema 45 husogeza mwisho hadi baada ya bendera kuanguka. Anayeandika dakika bila kusema kaanzia wapi na kaishia wapi, mwache na dakika zake.