Kama Mungu Anajua Kesho, Nanga za Nini?

Swali hili halikosekani kwenye vikundi vya kujifunza Biblia: kama Mungu ameshajua yatakayotokea, kuomba kuna faida gani? Viongozi wengi hukimbilia Warumi 8:29, panaposema Mungu aliwajua watu wake tangu mwanzo, na baada ya dakika kumi kikao kimegeuka ligi ya wafuasi wa Calvin (Mungu ndiye huchagua wa kuokoka) na wa Arminius (mtu ana hiari ya kukubali au kukataa). Warumi isubiri. Anzeni na Matendo 27, mistari yote 44, kwa sauti.

Meli inayompeleka Paulo Rumi akiwa mfungwa imekumbwa na dhoruba. Chomboni mna watu 276. Malaika amemhakikishia Paulo kwamba hatapotea hata mmoja. Usiku wa kumi na nne wanapima kina: pima 20, kisha 15. Nanga nne zinatupwa tezi, nyuma ya chombo. Mabaharia wanashusha mashua eti wakatupe nanga za omo, yaani mbele, kumbe wanatoroka. Simamisha usomaji hapo uulize: Paulo mwenye ahadi mkononi afanye nini? Wengi watasema atulie. Mstari wa 31 anawaambia askari kwamba hawa wasipobaki chomboni, ninyi hamwezi kuokoka. Kamba zikakatwa. Wakafika nchi kavu wote, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ahadi ilikuja pamoja na njia yake, na njia hiyo ilipitia mikononi mwa watu.

Kisha nendeni mji wa Keila, 1 Samweli 23:9–13, Daudi akiwindwa na Mfalme Sauli. Daudi anamwuliza Mungu mawili: Sauli atashuka? Wenyeji watanitia mikononi mwake? Yote anajibiwa ndiyo. Anaondoka na watu wake kama 600, Sauli anaghairi safari, na hakuna hata moja lililotokea. Atakuwepo wa kusema unabii ulianguka. Mrudishe kwenye maswali yenyewe: jibu lilihusu Daudi akibaki mjini. Luis de Molina, Mjesuiti wa Hispania, alijenga hoja nzima juu ya ujuzi wa namna hii, yaani Mungu kujua hata yale ambayo yangetokea kama mambo yangekuwa vingine, mwaka 1588. Si lazima kikundi kikubaliane naye, lakini andiko lenyewe hawawezi kuliruka.

Yona 3 msiisome peke yake. Tangulizeni Yeremia 18:7–10, Mungu anaposema taifa likitubu ataghairi mabaya aliyolitangazia, maana bila hiyo siku 40 ambazo Ninawi ulipewa kabla ya kuangamizwa, kisha ukatubu na kusamehewa, zitaonekana kama Mungu kashtukizwa.

Mambo huharibika zaidi msibani. Kijana amekufa kwenye bodaboda bila kofia, na mtu anasema siku yake ilikuwa imefika. Usimsahihishe pale matangani. Subiri wiki kadhaa, halafu fungueni Luka 13:4, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, wala haelezi kwa nini wao.

Mwisho bakizeni dakika 15 za Luka 22:31–34. Yesu anajua Petro atamkana mara tatu, anajua mpaka jogoo, na bado anamwambia amemwombea. Uliza alimwombea ya nini, na usijibu wewe.