Binamu wa Texas alipunguziwa kodi kwa kuweka AC, mimi je?

Joto la Kisumu limewafanya mniandikie sana mwezi huu, na watu wa Nakuru nao wameanza kulalamikia baridi, kwa hivyo leo nachanganya yote. Maswali nimeyafupisha kidogo, mtanisamehe.

Niko Mamboleo, Kisumu. Binamu yangu wa Texas aliweka AC 2024 na anasema serikali yao ilimrudishia pesa. Mimi nataka kuweka ya sitting room. KRA, wale wa kukusanya kodi, wanarudisha ngapi, na fomu naipata wapi? – Mlipa Kodi

Dada, fomu hiyo huku haipo, na hata huko kwa binamu mlango umefungwa. Marekani walikuwa na punguzo la kodi la asilimia 30 ya gharama, AC ya kawaida ya nyumba nzima mwisho dola 600, ile mashine ya hitipampu inayopasha na kupoza mwisho dola 2,000 kwa mwaka, na ilibidi mashine iwe imefikia kiwango fulani cha kubana stima, hawakuwa wanalipia kila takataka. Halafu Julai 2025 wakapitisha sheria mpya ikakata hiyo kitu, chochote kilichofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025 hakihesabiwi. Na hata wakati ule hakuna mtu alikuwa anatumiwa cheki, walikuwa wanapunguza kodi unayodaiwa, kama hudaiwi basi hupati kitu. Binamu hakukudanganya, alifupisha stori tu vile watu wa majuu hufupisha.

Huku kwetu AC inalipa VAT ya asilimia 16 kama TV tu. Wenye msamaha wa VAT ni vifaa maalum vya sola, yaani paneli, chaji kontrola, inveta ya sola na betri za dip saiko (za kuhifadhi umeme wa sola, zinavumilia kutumika hadi karibu kuisha), Finance Act ya 2021 ndiyo iliurudisha huo msamaha. Sasa chunga hapa, kuna muuzaji atakuambia "madam hii AC ni inveta, haina VAT." Hapana! Inveta ya AC ni vile kompresa yake inavyoongeza na kupunguza kasi, haihusiani na inveta ya sola hata kidogo. Lakini kama unanunua paneli, omba risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa KRA, uangalie ule mstari wa VAT kwa macho yako, nimeshaona mtu amechajiwa 16 kwa paneli na pesa ikabaki mfukoni mwa mwenye duka.

Kuna kamlango kamoja watu wengi hawakajui. Ukikopa pesa ya kununua au kuboresha nyumba unayokaa mwenyewe, riba ya huo mkopo inatolewa kwa mapato yako kabla kodi haijapigwa, mwisho shilingi 360,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 300,000 ikapandishwa mwisho wa Desemba 2024. Tuseme umekopa uweke silingi, madirisha ya maana na sola, na riba ya mwaka ikawa 84,000. Kama mshahara wako umepita 32,333 kwa mwezi kwa mbali, sehemu ya juu inakatwa asilimia 30, kwa hivyo unaokoa kama 25,200. Mkopeshaji lazima awe kwenye orodha ya sheria, mkopo wa chama ama wa simu usijisumbue nao. Na ukiandika "kununua AC" kwa fomu ya mkopo unajitafutia maswali, kuboresha nyumba ni kuboresha nyumba, AC ni kitu unaweza ng'oa uhame nayo. Itisha cheti cha riba mapema, usingoje Juni 30 uanze kukimbizana na meneja.

Nyota za AC ni nini na ni za ukweli? Fundi ananiambia nichukue yoyote bora ya bei poa. – Nyalenda

Zile nyota ni za lebo ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, moja mpaka tano, kanuni zake zilitoka 2016 na zinashika friji na AC za ukutani pia. Nyota nyingi, stima kidogo kwa baridi ile ile. Fundi wako halipi tokeni zako bro.

Piga hesabu. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inatoa baridi ya kilowati 3.5 hivi, na yenye kiwango cha kawaida inakula stima kama kilowati 1.2. Ikikimbia kwa masaa manane kwa siku bila kupumzika ni yuniti tisa na kitu, kwa mwezi karibu 290. Haitakimbia hivyo kila siku, itakuwa inazima na kuwaka, lakini hata nusu yake inakuvusha yuniti 100 na ukishavuka wastani wa 100 Kenya Power wanakuhamisha bendi ya juu, kwa hivyo bei inapanda hadi kwa zile yuniti za taa na pasi.

Nikuambie yangu. Nilinunua AC duka moja hapa mjini nikafunga chumba kilicho chini ya mabati matupu, ile saa tisa mchana ukiinua mkono karibu na bati unahisi kama umesimama juu ya jiko. Mashine ilinguruma mchana kutwa na chumba hakikupoa hadi jua liliposhuka upande wa ziwa. Baadaye nikaweka silingi na sufi ya kuzuia joto juu yake, nikaacha upenyo wa hewa kwa kingo za paa. Siku hizi kuna siku siiwashi kabisa. Ningeanza na silingi ningenunua AC ndogo ya BTU 9,000, ama nisingenunua.

Na zile AC za mtumba angalia gesi yake kwa kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa R22 achana nayo, nchi kama yetu zinamalizana na gesi hizo kufikia 2030, paipu ikitoboka utatafuta gesi kwa tochi.

Nina ploti ya vyumba kumi na mbili hapa Nakuru. Jamaa alikuja na bahasha akasema kila landilodi lazima aweke sola ya maji moto, la sivyo faini. Nilipe? – Mzee wa Section 58

Shikamoo mzee. Hiyo stori ina mizizi, kanuni za 2012 zilisema jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipashe asilimia 60 kwa jua, na wenye majengo wakapewa miaka mitano. Lakini afisa wa kweli hakusanyi faini kwa bahasha mlangoni. Mwambie aache barua yenye muhuri, uipeleke EPRA wakusomee kama kuna sheria inayokushika leo. Utaona vile atapotea.

Sola yenyewe sasa, hata bila kulazimishwa, iangalie. Shawa ya umeme ni kilowati tano, dakika kumi ni yuniti 0.8 hivi, watu watano kila siku ni kama yuniti 125 kwa mwezi kwa kuoga peke yake. Ila kama kila mpangaji ana mita yake ya tokeni, wewe utanunua tangi na wao ndio watafaidi, hapo ongeeni kwanza mambo ya rent. Na Nakuru Julai kuna asubuhi za mawingu, acha elementi ya umeme ndani ya tangi na taima yake, otherwise utapigiwa simu saa kumi na moja alfajiri.

Bado Nakuru: usiku tunaingiza jiko la makaa bedroom mpaka kupate joto. Heater ya umeme si ghali zaidi? – Mama wa Watoto Watatu

Toeni hilo jiko leo, kabla hujamaliza kusoma. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu, watu wanalala na hawaamki. Heater ya wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja tu, washa mkijiandaa kulala, zima mkiingia kitandani. Na ule mwanya chini ya mlango, funga kwa kitambaa kilichokunjwa, baridi yenu nyingi inaingilia pale.