Niliwataja wote niliotangamana nao, ila mmoja

SWALI: Kwako Mshauri, natumai u buheri wa afya. Mimi ni mama wa watoto wawili na mkazi wa Umoja hapa Nairobi. Mwezi wa Julai 2020 nilipoteza uwezo wa kunusa, nikapimwa na kupatikana na virusi vya korona. Afisa wa afya alinipigia simu akataka majina ya watu wote niliotangamana nao. Nilimtajia mume wangu, watoto wetu na wenzangu wawili wa kazini. Sikumtaja mama mmoja mzee tuliyekuwa tumepanga naye katika ploti moja, ingawa siku moja kabla ya kuanza kuugua nilikuwa nimekaa chumbani mwake zaidi ya saa nzima tukichambua mboga. Niliogopa kwamba angepigiwa simu, ploti nzima ingejua, na mwenye nyumba angetufukuza. Baada ya siku chache mama huyo aliugua, na alipopelekwa hospitalini hali ilikuwa imezidi, akafariki. Hatukuwahi kuelezwa ni ugonjwa gani uliomuua. Binti yake ni rafiki yangu hadi leo, na kila anapomkumbuka mamake hunishukuru kwa jinsi nilivyomtunza. Je, mimi ndiye niliyemuua? Na je, nimwambie binti yake?

Mwenye Mzigo, Umoja

JIBU: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nitakujibu maswali yako mawili kwa mpangilio ulioyauliza, kwa kuwa jibu la pili linategemea la kwanza.

Kama ulimuua, hakuna anayeweza kujua, na wewe pia huwezi kujua. Kufikia Julai 2020 virusi hivyo vilikuwa vikienea ndani ya Nairobi kwenyewe, miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa tarehe 13 Machi, na vilikuwa vikipitishwa hata na watu wasio na dalili yoyote. Mama huyo aliishi katika ploti yenye mlango mmoja wa kuingilia na bomba moja la maji, alinunua unga na maziwa dukani kama kila mtu, na bila shaka alitembelewa na wengine wasio wewe. Kwa hiyo usiende kwa binti yake ukasema, "Nilimuua mamako." Maneno hayo yanadai ujuzi usio nao, na kumpa mtu uongo mwingine, hata uongo unaokuumiza wewe mwenyewe, si kutubu.

Hata hivyo, usijifiche nyuma ya shaka hiyo. Kuna jambo moja unalolijua kwa hakika, nalo ni kwamba ulikuwa na habari ambayo mama huyo aliihitaji, ukaizuia. Mgonjwa wa korona huweza kuambukiza wengine takriban siku mbili kabla ya dalili kuanza, na ndiyo sababu afisa yule alikuuliza kuhusu siku zilizotangulia pia. Laiti jina lake lingetajwa, angepimwa, binti yake angekuwa macho kuangalia kupumua kwake, na huenda wangekwenda hospitalini mapema. Tena mwezi mmoja kabla ya kuugua kwako, watafiti wa Uingereza walikuwa wametangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyotumika kwa miaka mingi, ilipunguza vifo miongoni mwa wagonjwa waliohitaji oksijeni. Sisemi kwamba angepona. Ninasema kwamba nafasi ya kujihadhari ilikuwa mali yake, nawe uliishika mkononi usimkabidhi.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya kuambukiza yana ukatili wa ziada, kwa sababu anayeyaficha huweza kupona kabisa, na kifo kikaenda kubisha mlango wa jirani ambaye hakuficha lolote.

Ninataka pia niseme wazi kuhusu hofu yako, maana haikutoka hewani. Mwezi wa Machi na Aprili mwaka huo, waliopelekwa karantini walidaiwa malipo ya malazi yao wenyewe, na baadhi walizuiliwa kwa muda uliopita siku 14 walizoambiwa. Kisha serikali ikatangaza kwamba waliokamatwa wakivunja kafyu wangepelekwa karantini vilevile. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na sitalipamba. Mahali pa kumlinda mgonjwa palipogeuzwa kuwa adhabu, kila mwananchi alijifunza kwamba kumweleza afisa wa afya ukweli ni sawa na kujishtaki. Mwezi wa Juni wizara ilitoa mwongozo wa kuwahudumia nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali, na ndivyo wewe ulivyoruhusiwa kupona kwako, lakini hofu haikuondoka pamoja na agizo la zamani. Mwenye nyumba ambaye angekufukuza kwa sababu ya ugonjwa naye ana sehemu yake katika lawama hii. Mzigo wako ni wa kweli, lakini hukuujaza peke yako.

Watu wengi wameniandikia wakichanganya kuvunja kanuni na kusema uongo, na nadhani mchanganyiko huo ndio unaokufanya ujihukumu vibaya. Madereva na abiria waliokwama katika barabara ya Thika usiku mmoja wa Aprili 2021, polisi walipofunga njia baada ya saa mbili, walikuwa wamevunja kafyu, lakini hawakumdanganya mtu. Kila aliyewaona alijua walipo. Wewe hukuvunja kanuni yoyote kwa kuchambua mboga na jirani yako, na hukujua kwamba ulikuwa mgonjwa. Siku ile ya mboga haina dhambi. Iondoe katika mashtaka yako. Kosa lako liko katika ile simu tu, na hata baada ya simu kulikuwa na siku kadhaa ambazo ungeweza kumpigia afisa tena, au kubisha mlango wake ukiwa mbali na kumwambia, "Mama, mimi ninaumwa, tafadhali upimwe." Ninaamini ni siku hizo zinazokunyima usingizi.

Sasa binti yake. Ndiyo, mwambie. Nimefikiria ushauri wa kunyamaza, kwa hoja kwamba kusema kutamfungulia kidonda ilhali mamake harudi, na ningeukubali kama msingekuwa mnaonana. Lakini yeye anakushukuru, nawe unapokea shukrani hizo kila mara, na kila unapozipokea unaurudia ule uongo wa mwaka 2020 mbele ya uso wake.

Anza na mume wako, ili usirudi nyumbani ukiwa peke yako na jambo hili. Kisha nenda kwa rafiki yako ana kwa ana, wala si kwa simu, na isiwe siku ya kumbukumbu ya mamake. Mweleze ulichofanya na sababu yake kwa sentensi chache, bila kuanza na mwenye nyumba wala serikali. Usimwombe msamaha papo hapo, kwa kuwa utamlazimisha akufariji wakati yeye ndiye aliyefiwa. Akikasirika, kaa umsikilize. Akikuambia uondoke, ondoka, na usitume watu wa kukuombea. Huenda ukampoteza, na sitakuahidi kinyume cha hilo.

SWALI: Mshauri, nilikuwa kondakta wa matatu ya viti 14. Wakati wa korona tuliagizwa kubeba abiria 8, nasi tukapandisha nauli. Tukishapita polisi tulijaza viti vyote. Je, huo ulikuwa uongo au ni kutafuta riziki tu?

Kondakta, Kayole

JIBU: Ndugu yangu, kutafuta riziki kulikuwa ni kupandisha nauli, na abiria walielewa, kwa kuwa gari lenye viti sita vitupu bado linahitaji mafuta na mwenye gari bado anadai hesabu yake. Lakini yule mama aliyelipa nauli iliyopandishwa alikuwa amenunua nafasi kati yake na jirani yake. Ulipomketisha mtu kando yake baada ya kizuizi, ulikiuza kiti kile mara mbili, na kwake ulikuwa umekwisha kupokea malipo.